Merla Schrag Ni Mkazi wa Wapi?

Ukiambiwa leo uthibitishe kwa karatasi kwamba kwenu ni kwenu, utaleta karatasi gani?

Usiharakishe kujibu. Mimi nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari ya Zerger, Kansas, na nilidhani jibu ninalo. Nilidhani liko sura ya nne, nusu ukurasa, pamoja na maswali ya marudio. Kisha nikamsindikiza Merla Schrag mbele ya kamati ya chuo. Tangu kesi yake ilipoanza namwuliza swali hili kila ninayekutana naye, na sijapata watu wawili waliojibu sawa.

Merla ana miaka ishirini na saba. Ni mfupi, mabega mapana, na sauti yake imezoea kushindana na injini, kwa hiyo hata akinong'ona kanisani watu hugeuka. Siku ya mnada wa ng'ombe utampata nyuma ya jengo, kwenye kibano cha chuma kinachomshika ng'ombe shingo asiruke anapodungwa sindano. Anamsaidia Dokta Harlan Koehn, daktari wa mifugo pekee katika wilaya yetu. Dokta ana miaka sitini na tisa, na bega lake la kulia limechakaa kwa kupima mimba za ng'ombe miaka arobaini. Akipima mia leo, kesho hawezi kuinua kikombe cha kahawa. Wilaya nzima inajua kwamba siku bega hilo litakapogoma, daktari wa karibu atakuwa mwendo wa saa moja na nusu. Ndama aliyekwama tumboni hangoji saa moja na nusu.

Kila mtu alikwisha kuamua kimoyomoyo nani atarithi kazi ile. Kilichobaki ni Merla kwenda chuo.

Wazazi wake, Lowell na Verda, ni watu wa mavuno. Kila Mei hupakia kombaini zao, mashine za kuvunia ngano, juu ya malori, hufunga trela za kulala nyuma ya pikapu, na kushuka hadi Texas ambako ngano huiva kwanza. Huwavunia wenye mashamba huko, kisha hupanda nayo kaskazini, jimbo kwa jimbo, kadiri inavyogeuka rangi, hadi Montana mwezi wa nane. Hurudi Zerger Oktoba. Merla alizaliwa Agosti. Kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa ni cha Montana, kwenye mji ambao hata yeye mwenyewe hauoni kuwa wa maana ila kwamba ngano yake huchelewa kukauka.

Alipokuwa na miaka tisa, mvua iliwasimamisha siku tatu huko Dakota Kusini. Mwenye shamba alikuwa na mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza, na ndama amekunja mguu mmoja nyuma. Mikono ya mzee ilikuwa mikubwa mno. Akatazama huku na huku, akamwona Merla amekalia ua. "Wewe, lete mkono wako hapa." Merla aliingiza mkono mpaka kwapani, akiwa amefumba macho, akiambiwa ashike nini. Aliupata mguu. Verda huniambia kwamba tangu siku ile mtoto hakutaka tena kuongea habari ya kitu kingine. Mezani kwao, kabla hata ya sala kwisha, utasikia habari za minyoo ya kondoo.

Watu wa mavuno wana namna yao ya kusema mahali, na bila kuielewa hutaelewa kosa la Merla. Ukimwuliza mmoja wao anaishi wapi, atakutajia pale trela lake lilipoegeshwa. Ukimwuliza ametoka wapi, atakutajia pale watu wao walikozikwa. Kwao hayo ni maswali mawili kabisa.

Jambo la pili ni mizani. Barabarani, kwenye kila mpaka wa jimbo, kuna kituo cha kupimia malori, na ofisa anaweza kukuomba karatasi yoyote. Baba zao waliwafundisha: mwenye mizani mpe yote, kwa mkupuo, usichague. Ukianza kuchagua atadhani unaficha, na utalala hapo huku ngano ya mwenzio inapukutika. Kila familia ina sanduku la chuma la karatasi, na sanduku zima huenda dirishani.

Sasa, Merla alipomaliza shahada ya kwanza alikwenda Colorado kufanya kazi kwenye shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa, apate uzoefu ambao vyuo vya mifugo huudai. Alikaa miaka miwili, akilala kwenye trela lake nyuma ya zizi la ndama. Julai mwaka jana bibi yake alianguka na kuvunjika nyonga, naye akarudi Zerger. Akahamia nyumba ya bibi, akaanza kazi kwa Dokta Koehn, akabadilisha leseni ya udereva, akajiandikisha kupiga kura. Trela alilichukua baadaye, tarehe tisa Novemba, alipopata pikapu ya kulivuta.

Katikati, Oktoba, alirudi Colorado siku nne kuwinda na wenzake wa zamani. Dukani yule mama anayeuza vibali vya kuwinda alimsomea swali, maana mgeni hulipa zaidi: wewe ni mkazi wa jimbo hili? Trela lilikuwa bado limeegeshwa nyuma ya zizi. Merla akasema ndiyo, akaweka sahihi.

Alipata kulungu mnene. Hata mimi nilikula.

Februari chuo cha mifugo cha jimbo kilimpa nafasi. Nafasi nyingi zimetengwa kwa wakazi wa jimbo, na mkazi hulipa karibu nusu ya ada anayolipa mgeni. Nafasi za wageni zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo kwa Merla hapakuwa na njia mbili: ama ni mkazi, au haendi. Chuo kikataka uthibitisho kwamba ameishi Kansas miezi kumi na miwili kabla ya siku ya kwanza ya masomo, Agosti. "Tafadhali leta hati zote," barua ilisema.

Naye akaleta zote. Sanduku zima, kama mizani.

Aprili jibu likaja: si mkazi. Anaweza kukata rufaa mbele ya kamati, katikati ya Mei.

Nakiri niliposikia nilirusha chaki. Wanafunzi wangu walishangilia. Baba wa babu yake Merla alikuja kutoka Urusi na mbegu za ngano mfukoni, na amezikwa kilomita mbili kutoka ofisi ya posta. Wapo watoto wa matajiri wa mbali wanaopanga chumba karibu na chuo, wakajaza fomu vizuri, wakaitwa wakazi, na siku ya mahafali wanaondoka wasionekane tena. Huyu aliyekuwa tayari kuzeeka na mkono ndani ya ng'ombe zetu, ndiye mgeni?

Lakini hasira yangu ilikuwa na udadisi ndani yake. Nikaanza kuuliza watu. Kwenye mkahawa wa mnada nilimwuliza Dokta Koehn anajuaje kwamba Merla ni wa hapa.

"Anajua ng'ombe wa nani hupiga teke," alisema.

"Hiyo si hati, Dokta."

"Kwangu inatosha. Yako wewe ni ipi?"

Nikasema nilizaliwa hapa.

"Hata kupe wamezaliwa hapa," alisema mhudumu, akimimina kahawa.

Bibi yake Merla, aliyekuwa bado anatembelea mkongojo, alisema mtu wa Zerger ni yule ambaye akifa, kina mama wanajua bila kuulizana nani ataleta mkate na nani ataleta nyama. Mkuu wetu wa posta alisema ni mahali barua inapokukuta. Mkulima mmoja alisema ni pale mbwa wako anaporudi akipotea. Niliandika yote kwenye daftari. Nilikuwa nataka kuisomea kamati.

Siku ya rufaa, Jumanne, tuliondoka alfajiri kwa gari langu. Merla alivaa gauni la bluu aliloazimwa na shangazi yake, na chini yake viatu vya kazini, kwa kuwa viatu vya gauni vilikuwa vimembana. Njiani nikamwambia, "Kuna njia rahisi. Sema yule wa dukani alijaza fomu mwenyewe, wewe uliweka sahihi tu."

"Alinisomea neno kwa neno. Akanipa na kahawa."

"Nani atajua?"

"Yeye." Akatazama dirishani. "Na wewe. Halafu ufundishe watoto uraia."

Nikaongeza mwendo.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti, Bi Ostrander, mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Bwana Pell wa ofisi ya usajili, mtu nadhifu aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliyeonekana kutaka awe mahali pengine popote.

Bwana Pell alifungua sanduku. Namsifu, alikuwa amesoma kila kitu. Akatoa karatasi moja.

"Bi Schrag, hiki ni nini?"

"Kibali cha kulungu."

"Naona. Ni cha Colorado."

"Kulungu naye alikuwa wa Colorado."

Mwanafunzi alikohoa kwenye kiganja. Bwana Pell hakucheka.

"Hapa umesema, Oktoba, kwamba wewe ni mkazi wa Colorado. Kwetu umesema kwamba Oktoba hiyohiyo ulikuwa mkazi wa Kansas. Lipi ni uongo?"

"Hakuna uongo, bwana. Aliniuliza ninaishi wapi, trela lilikuwa pale. Nyinyi mmeniuliza kwetu ni wapi."

"Hatukuuliza kwenu ni wapi," Bwana Pell alisema, na nikaona kwamba hakuwa mkali, alikuwa anafikiri kweli. "Tumeuliza pia ulikuwa unaishi wapi."

Nilimwona Merla akilielewa swali kwa mara ya kwanza, pale pale, mbele ya watu.

"Ah," alisema.

Nikasimama. Daftari lilikuwa mkononi. "Mheshimiwa mwenyekiti, wilaya ile ina daktari mmoja, mwenye bega moja! Kuna watu wanaokuja hapa na mkataba wa nyumba tu, wakapewa..."

"Wewe ni nani?" aliuliza Bi Ostrander.

"Jirani yake."

"Kaa, jirani."

Merla alinivuta shati. Kisha akawaambia wale watatu, kwa sauti ile yake inayojaza ukumbi, "Mama yule hakukosea. Mimi ndiye niliyesema ndiyo. Kama ningejua mnauliza kitu kilekile anachouliza yeye, ningekilipia kile kibali kama mgeni, au ningelivuta trela mapema. Sikujua. Lakini nimekuja kurithi kazi ya Dokta Koehn, sikuja kurithi ada yenu ya chini."

"Sheria inapima hilo la pili tu," alisema Bi Ostrander, bila ubaya.

"Mnipime basi na hilo la kwanza."

"Hatuna mizani yake, binti."

Walitutoa nje dakika arobaini. Koridoni palikuwa na mifupa ya farasi iliyosimamishwa kamili, na Merla aliisogelea, akaanza kuitaja mifupa ya mguu wa mbele kutoka kwato kwenda juu, taratibu, kama mtu anayesali. Alipofika begani wakatuita.

Uamuzi ulikuwa huu. Merla alikuwa mkazi wa Kansas kuanzia tarehe tisa Novemba, siku trela lilipovuka. Mpaka Agosti atakuwa na miezi tisa. Hajatimiza. Nafasi ya mwaka huu ingekwenda kwa anayemfuata kwenye orodha. Lakini kwa kuwa hakuficha kitu, chuo kingemshikia nafasi ya mwaka ujao, mradi kuanzia Novemba ile hadi atakapoanza masomo kusitokee shaka lolote juu ya makazi yake.

"Shaka la namna gani?" Merla aliuliza.

Bwana Pell aliinua kibali cha kulungu kwa pembe yake, akakirudisha sandukuni.

Tulirudi Zerger bado jua liko juu. Uwanjani kwa Schrag kombaini tatu zilikuwa zimekwisha pandishwa juu ya malori, kwani kesho yake ilikuwa siku ya kuondoka. Lowell alikuwa chini ya lori la pili akikaza minyororo. Alitoka kinyumenyume, akasimama, akajifuta mikono.

"Wamesemaje?"

"Nangoja mwaka, Baba."

"Kwa sababu ya kulungu?"

"Kwa sababu ya trela."

"Trela linajua jimbo?"

"Wao wanalijua kwa niaba yake."

Lowell alitema mate pembeni. Verda alitoka na sahani ya mikate yenye nyama na kabeji ndani, akatupa tule tukiwa tumesimama. Hakuuliza kitu, maana alikuwa amesikia yote dirishani. Alimsafisha tu Merla shavu kwa aproni yake, pale palipokuwa safi.

Kisha Lowell akasema, "Haya. Kesho utaendesha la tatu mpaka kwa Dub, kama siku zote."

Dub Castleberry ndiye dereva wa lori la tatu. Anakaa Alva, Oklahoma, ng'ambo ya mpaka, na kila mwaka Merla akiwepo huendesha lori hilo hadi nyumbani kwa Dub, wakabadilishana usukani. Merla aliutazama mkate wake.

"Alva ni Oklahoma, Baba."

"Ni kilomita thelathini ng'ambo! Utarudi kabla ya chakula cha mchana!"

"Lowell, mwache," alisema Verda.

"Nimwache vipi? Nimemfundisha lori hili kabla hajajua kusuka nywele. Sasa karani mmoja amwambie asivuke barabara?"

Nikaona ni wakati wangu. Nilieleza kwamba kisheria safari fupi haivunji ukazi. Mtu anaweza kwenda hata kumtembelea shangazi, hata kwenda kununua tairi, maadamu ana nia ya kurudi. Nilikuwa sahihi. Niko sahihi hata leo.

"Mwalimu," alisema Merla, "hata asubuhi, mbele ya kamati, ulikuwa sahihi."

Lowell alimtazama binti yake muda mrefu, kama anavyotazama anga la magharibi. "Kwa hiyo unaogopa."

"Siogopi. Nimechoka kuulizwa. Nikivuka na lori la mavuno, mwezi wa tano, na karatasi za mizani za Oklahoma zenye jina langu, nitawaambia nini? Kwamba nilikwenda kwa Dub tu? Nilikwenda kwa kulungu tu, Baba."

"Basi nani ataendesha?"

Merla alimalizia mkate, akaingia ndani na kufunga mlango, na Lowell akarudi chini ya lori. Nilimsikia akikaza mnyororo uliokuwa umekwisha kukazwa.

Asubuhi Verda alinipigia simu. Alisema tu, "Lete gari, utufuate nyuma." Nilipofika uwanjani injini zote zilikuwa zinanguruma. Lowell alikuwa kwenye lori la kwanza, Verda la pili. Na kwenye la tatu, ameshika usukani, amevaa kofia, alikuwa Merla.

Nikafikiri: Lowell amemshinda. Nikawafuata kusini, nyuma ya kombaini iliyoziba barabara yote, tukipita mashamba ya ngano mabichi bado. Nilikuwa naipanga hotuba kichwani ya kumwambia Lowell.

Kwenye mpaka kuna kibao cha kukukaribisha Oklahoma, kimesimama peke yake kando ya barabara, nyuma yake ng'ombe wa mtu. Lori la kwanza lilikipita. La pili likakipita. La tatu likawasha taa za tahadhari, likapunguza mwendo, likasogea pembeni, likasimama. Nilishuka kuangalia. Kati ya bampa na kibao palikuwa na nafasi ya mtu kulala.

Ng'ambo, Dub Castleberry alikuwa ameegemea pikapu yake, mkewe kwenye usukani, kikombe mkononi. Akaja akitembea.

"Wee Merla. Umenitoa kitandani na jogoo kwa ajili ya hatua tatu?"

"Kutoka hapo hadi Alva pia kuna hatua, Dub. Hizo ni zako."

"Nasikia umekuwa mtu wa serikali."

"Breki inavuta kushoto kidogo. Usibishane nayo."

Akamwachia mlango wazi, akashuka upande wa majani. Mbele, Lowell alikuwa amesimamisha lori lake ndani ya Oklahoma. Alishuka, akapita lori la mkewe bila kulitazama, akatembea barabara yote ile kurudi, polepole, mikono mifukoni, mpaka akafika kwenye kibao. Akasimama upande wake. Merla akasimama upande wake. Upepo ulikuwa unapiga sana.

Wenye mashamba na watu wa mavuno hawaandikiani mkataba. Wakikubaliana ekari, hushikana mikono, na hapo imekwisha, hata ngano ikipanda bei. Lowell alivuka kibao, akaingia Kansas, akavua glavu ya kulia na kumpa binti yake mkono. Merla akaushika. Waliutikisa mara moja tu, kwa nguvu, kama watu wa kazi.

"Mwakani, hapahapa," alisema Lowell.

"Mwakani, Baba."

Akavaa glavu, akarudi ng'ambo. Dub aliachia breki, na lori la tatu likavuka nyuma yake.